Huzuni Iliyotabiriwa: Kigali, 1994

Ndugu mwenyekiti, walimu wangu, wanafunzi, asanteni kwa kuja.

Darasani tunafundishwa kwamba dola haina moyo, ina maslahi tu. Sikubali. Wala sikubaliani na wanaodhani kwamba huruma ikiingia kwenye siasa za dunia, mambo yatanyooka yenyewe. Nitashika mfano mmoja, tena wa jirani zetu: Rwanda, na mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi.

Tarehe 11 Januari 1994, Jenerali Roméo Dallaire, Mkanada aliyeongoza walinda amani wa Umoja wa Mataifa mjini Kigali, alituma faksi makao makuu ya Umoja huo, New York. Mtoa habari kutoka ndani ya Interahamwe, wanamgambo wa Kihutu, alikuwa amemweleza kwamba silaha zimefichwa, kwamba Watutsi wanaorodheshwa, na kwamba askari wa Ubelgiji watachokozwa. Wakijibu kwa nguvu, baadhi yao wauawe ili Ubelgiji iondoe jeshi lake. Hilo la mwisho ndilo lililonileta hapa leo. Wapangaji hawakuwa na haja ya kulishinda jeshi la Ubelgiji. Iliwatosha kujua Wabelgiji watalia vipi.

Na mfano ulikuwepo, dunia nzima iliuona. Mogadishu, Oktoba 1993: wanajeshi 18 wa Marekani waliuawa, maiti zikaburutwa mitaani mbele ya kamera, na siku chache baadaye Rais Clinton akatangaza kwamba majeshi yake yatakuwa yameondoka ifikapo 31 Machi. Wasomali waliokufa katika mapigano yaleyale walikuwa mamia. Hao sikumbuki kama walimnyima mtu usingizi huko Washington.

Tarehe 6 Aprili ndege ya Rais Habyarimana wa Rwanda, aliyekuwa akirudi kutoka mkutanoni Dar es Salaam, ikatunguliwa. Kesho yake akauawa Waziri Mkuu Agathe Uwilingiyimana, pamoja na askari kumi wa Ubelgiji waliotumwa kumlinda. Ikawa kama ilivyoandikwa kwenye faksi. Ubelgiji ikaamua kuondoka, tena ikawashawishi wengine kwamba misheni nzima ifungwe. Tarehe 11 Aprili askari wake wakaiacha shule ya ufundi ya ETO, Kicukiro, humohumo Kigali, iliyokuwa na watu wapatao 2,000 waliokimbilia kwao. Wengi waliuawa siku hiyohiyo. Siku kumi baadaye Baraza la Usalama likapunguza walinda amani hadi 270.

Siyadhihaki machozi ya Brussels. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na wale kumi walikuwa watoto wa watu. Lakini wanasheria mliopo hapa mnajua: aliyechokozwa ghafla hupunguziwa kosa. Je, aliyeambiwa miezi mitatu kabla kwamba atachokozwa, na jinsi atakavyochokozwa, na shabaha yenyewe ni nini? Februari Ubelgiji yenyewe iliomba misheni ipewe nguvu zaidi, ikakataliwa. Maana yake iliiona hatari. Kiongozi anayejua kwamba adui amekitia kilio cha raia wake kwenye hesabu, wajibu wake ni kujiandaa kwa kilio hicho kabla hakijaanza.

Na msiniambie dawa ni kuwa na moyo mkavu. Kapteni Mbaye Diagne wa Senegal, mwangalizi asiyekuwa na silaha, alivuka vizuizi vya Interahamwe akiwa amewaficha watu ndani ya gari, kinyume na amri alizopewa, mpaka kombora lilipomuua 31 Mei. Ghana nayo iliwabakisha askari wake Kigali. Nao wana mama zao. Huruma ilikuwepo, hofu ilikuwepo, na kila mmoja alichagua ipi aifuate. Uchaguzi huo ndio ninaoweza kumdai mtu.

Baadaye zikaja radhi. Tarehe 7 Aprili 2000 Waziri Mkuu Guy Verhofstadt alisimama Rwanda akaomba msamaha kwa niaba ya nchi yake. Ninauheshimu, ingawa ulichelewa. Clinton alikuwa ametangulia, Machi 1998, katika uwanja wa ndege wa Kigali. Yeye alisema kwamba watu kama yeye, waliokaa maofisini, hawakuelewa sawasawa kina na kasi ya yaliyokuwa yakitokea.

Ile faksi ya Januari ilijibiwa. New York ilimkataza Dallaire kuyavamia maghala ya silaha. Ikamwagiza awape taarifa mabalozi watatu waliokuwa Kigali, wa Ubelgiji, wa Ufaransa na wa Marekani. Akawapa.