Kerala ya Ndani: Nyumba Katika Filamu za Kimalayalam

Mabibi na mabwana, Kerala, jimbo la kusini mwa India linakozungumzwa Kimalayalam, inasifika nchi nzima kwa kisomo, na sifa hiyo ni ya haki. Lakini ukitaka kujua ya ndani, wageni wakishaondoka, tazama filamu zao. Hazisitiri mtu.

Chukueni Elippathayam ya Adoor Gopalakrishnan, ya 1981. Unni ndiye mwanamume wa mwisho katika nyumba kubwa ya Wanair, watu wa tabaka la juu wenye ardhi. Nyumba za namna hiyo, tharavad, zilifuata ukoo wa mama, mali ikiwa ya wote na mjomba akiisimamia. Yakaja mageuzi ya ardhi, kisha sheria ya 1975 ikaivunja kabisa familia ya pamoja. Unni amebaki na kiti, gazeti na dada yake Rajamma. Ng'ombe akiingia uani kutafuna miche, hainuki: anaita Rajamma. Panya usiku? Rajamma! Siku Rajamma anapougua, bwana mkubwa hajiwezi kwa lolote.

Sasa ruka miaka 40. The Great Indian Kitchen ya Jeo Baby, 2021. Bi harusi ameingia kwa wakwe. Baba mkwe anataka wali wa jiko la kuni, na nguo zake zifuliwe kwa mkono ilhali mashine ipo. Sinki linavuja, mume anaahidi kumwita fundi, anasahau, anaahidi tena. Kamera haibanduki jikoni: kukata, kupika, kusugua, kisha kufuta meza yenye makapi ya mboga waliyoyatema wanaume. Inachosha? Naam, na imekusudiwa ichoshe. Majukwaa makubwa ya mtandaoni yaliikataa mwanzoni, ikatokea kwenye jukwaa dogo. Na huyo mume, jamani, ni mwalimu! Tunamwona darasani akiwafundisha wasichana somo la familia. Kwangu mimi, hapo ndipo filamu inapouma zaidi, maana kisomo anacho.

Lakini msidhani watazamaji wa Kerala walizaliwa wavumilivu. Katika Vigathakumaran ya J. C. Daniel, filamu ya kwanza kabisa ya Kimalayalam, P. K. Rosy, binti wa Kidalit, yaani wa tabaka la chini kabisa lililotengwa, aliigiza mwanamke wa Kinair. Wa tabaka la juu walihamaki, ukumbi ukageuka vurugu, mawe yakarushwa kwenye pazia. Rosy alilazimika kukimbilia jimbo jirani la Tamil Nadu, na hakuigiza tena. Katika nyumba zile za Wanair, mtu wa tabaka lake asingeruhusiwa hata kuvuka kizingiti, seuze kuigiza bibi wa nyumba.