Ng'ombe wa Lita 20

MANKA: Karibuni. Meku, wiki iliyopita tuliwaahidi watu mambo matatu ya kuangalia kabla hujaandika uchambuzi wa filamu. Umekuja nayo?

MEKU: Yako hapa kwenye karatasi. Ila anza na Jumamosi, maana mimi tangu siku ile roho haijatulia.

MANKA: Haya, Jumamosi. Filamu yenyewe mnaijua, ile ya mangi, mtawala wetu Wachaga wa zamani, na Wajerumani walipofika; tumeisema kwenye kipindi hiki tangu kamera zilipoonekana Old Moshi, huku Kilimanjaro. Wenyewe wakaandaa onyesho la majaribio hapa mjini, wakaita wachambuzi: watu wa redio, walimu wa fasihi, sisi wawili, na wazee wachache. Wameomba jina lisitajwe mpaka itoke, kwa hiyo hatulitaji. Nikaenda na baba mdogo.

MEKU: Hapo ndipo shughuli ilipoanzia.

MANKA: Baba mdogo usimguse.

MEKU: Namheshimu sana mzee wangu. Nasimulia tu. Tuko dakika ya 40. Mjerumani ameshafika na askari wake. Mama yake mangi anatoka nje na sale mkononi, jani la kuomba amani. Muziki hakuna, unasikia maji ya mfongo tu, ule mfereji wa kumwagilia. Mimi machozi yako hapa. Halafu nyuma ya yule mama, kwenye migomba, anapita ng'ombe.

MANKA: Ng'ombe wa kisasa! Madoa meusi na meupe, kiwele kinaburuzika.

MEKU: Baba mdogo akasimama. "Na huyo wa lita 20 ametoka wapi?"

[Wanacheka]

MANKA: Ukumbi mzima ulikufa.

MEKU: Ukumbi ulikufa, na ile sehemu ikafa nayo. Nilimwangalia yule dada aliyecheza kama mama, alikuwa amekaa mstari wa mbele. Aliinamisha kichwa, Manka.

MANKA: Hilo sikuliona.

MEKU: Mimi nililiona. Jumapili nikasema, basi, wachambuzi watamtendea haki. Nikafungua redio: ng'ombe. Nikasoma alichoandika yule mwalimu tunayemheshimu: aya tano, tatu za ng'ombe. Hakuna aliyesema yule mama alikaa kimya dakika nzima na bado tukamwelewa.

MANKA: Ni kweli alicheza vizuri mno. Lakini ng'ombe si jambo dogo, ngoja nikueleze alichoniambia baba mdogo njiani.

MEKU: Manka, karatasi.

MANKA: Karatasi itasubiri. Zamani huku mlimani ng'ombe alilala ndani, nyumba moja na watu. Alikuwa mfupi, mwenye nundu. Hakutembeatembea kwenye migomba hata siku moja, angemaliza kihamba, shamba lote la migomba! Alifungwa, akaletewa chakula: mgomba uliokatwakatwa, na majani ambayo akina mama waliteremka kuyafuata huko chini tambarare, wakapanda nayo kichwani. Kwa hiyo hata angekuwa wa nundu, kupita pale nyuma bado ni kosa.

MEKU: Kwa hiyo makosa sasa ni mawili.

MANKA: Matatu! Alikuwa na hereni sikioni, ile ya plastiki ya njano.

MEKU: [anacheka] Hereni sikuiona, Mungu shahidi.

MANKA: Baba mdogo aliiona. Halafu sikiliza. Mtu mwenye ng'ombe wengi hakuwaweka wote kwake. Alikuwekea wewe mmoja. Unamlisha, maziwa unakunywa, samadi unatia kwenye kihamba chako, lakini ng'ombe anabaki wake, na wewe unakuwa mtu wake. Mangi alishika watu kwa njia hiyo. Sasa hadithi nzima ni ya nani atasimama na mangi na nani atamkimbia, halafu ng'ombe anapita kama pambo! Pale pale ndipo ilipokuwa siri ya utawala wake.

MEKU: Hilo ni zuri. Ungeliandika hivyo ningekupigia makofi. Lakini hakuna aliyeliandika hivyo. Wameandika "ng'ombe wa kisasa, ha ha ha."

MANKA: Mzee hana wajibu wa kuandika aya. Yeye alisema alichokijua.

MEKU: Alisema wakati wa mtu kulia. Na mimi nina uchungu mwingine. Dar ukisema "mangi," mtu anadhani unataka nusu kilo ya sukari. Jina la mtawala limekuwa jina la mwenye duka. Mtoto wa kwetu aliyezaliwa kule hajawahi kumwona mangi akiamua jambo la vita na amani. Leo anaonyeshwa, kwa lugha anayoielewa, na sisi tunampokea kwa kicheko. Wenye filamu wale hawana fedha. Ng'ombe wa nundu wa kuazima wangempata wapi?

MANKA: Kahe, kule chini tambarare. Baba mdogo anamjua hadi mwenye zizi.

MEKU: [anacheka] Manka!

MANKA: Sitanii. Wangeuliza. Kosa langu kwao ni hilo moja: hawakuuliza. Walipiga picha Old Moshi, wazee wako mlangoni, hawakuwauliza. Meku, Mangi Meli alinyongwa na Wajerumani pale Old Moshi tarehe 2 Machi 1900. Ukoo umekitafuta kichwa chake Ujerumani miaka na miaka. Mwaka 2023 makumbusho ya Berlin yakatangaza kwamba vipimo vya vinasaba vimeoanisha mafuvu matatu na jamaa walio hai, likiwemo la Akida, mshauri wake. Lake mwenyewe halikuwamo. Mambo yetu yaliandikwa na kupewa namba na watu wengine. Sisi tulichobaki nacho ni macho ya mtu kama baba mdogo. Nikimwambia anyamaze ili filamu ipite, nimebakiza nini?

MEKU: Sijasema anyamaze. Nasema mchambuzi si yeye. Mchambuzi ni wewe na mimi, na kazi yetu ni kumsaidia mtu aione filamu. Vuta N'kuvute ya Amil Shivji ilitangulia kuonyeshwa Toronto, Septemba 2021. Wa kwanza kuisema walikuwa wageni. Hawa wameleta kwetu kwanza, wametuamini. Umefikiri watakayemwonyesha kwanza safari ijayo ni nani?

MANKA: Kama wameleta ili tuwasifu, basi hawajatuamini.

MEKU: Hapana, hapo sikubali.

MANKA: Na mimi sikubali.

[Kimya]

MEKU: Yule dada aliinamisha kichwa.

MANKA: Nimesikia. Nitamtafuta, nimwambie nilichokiona kwake. Lakini la ng'ombe nitaliandika.

MEKU: Andika. Na mimi nitaandika langu bila ng'ombe hata mmoja.

MANKA: Fundi ananionyesha vidole viwili. Dakika mbili. Yale mambo matatu?

MEKU: La kwanza peke yake linataka dakika kumi.

MANKA: Basi yaache. Baba mdogo ameshapiga simu mara mbili tukiwa humu ndani.

MEKU: Anataka nini?

MANKA: Yuko Kahe. Amempata wa nundu, mwenyewe amekubali kumwazima siku mbili bure. Anauliza namba ya mwongozaji.

MEKU: Mpe. Mpe sasa hivi.