Mpira wa Kufungia Bustanini: Mshiko Unaolegea kwa Wakati Wake

Mabibi na mabwana, wapenzi wenzangu wa bustani,

Nimeombwa kuzungumzia zana za bustani, nami nimechagua iliyo ndogo kuliko zote, ambayo wengi wetu huiondoa kwenye fungu la mboga na kuitupa papo hapo: mpira wa kufungia, ambao wengine huuita raba bendi. Sikuuchagua kwa kuwa unapatikana kwa urahisi. Nimeuchagua kwa kuwa una tabia mbili ambazo kamba, waya na uzi wa nailoni havina: unavutika huku ukiendelea kubana, na unakufa mapema. Tabia ya kwanza kila mtu anaifahamu. Ya pili wengi huiona kuwa kasoro, lakini mimi naamini kwamba kwa mtu anayelea mimea ndiyo yenye thamani zaidi.

Mpira wa asili hutokana na utomvu mweupe wa mti wa mpira, Hevea brasiliensis, ambao kwao ni misitu ya Amazon. Utomvu huo ukigandishwa hivi hivi hunata wakati wa joto na kukakamaa wakati wa baridi. Mwaka 1839 Mmarekani Charles Goodyear aligundua kwamba ukichanganywa na salfa na kupashwa moto, molekuli zake ndefu hufungamana, nao hupata uwezo wa kuvutika na kurudia umbo lake. Miaka 6 baadaye, tarehe 17 Machi 1845, Stephen Perry alipata hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, nchini Uingereza ya mikanda ya mpira ya kufungia karatasi na bahasha. Karatasi hazikui, na kwa hiyo ofisini uwezo mkubwa wa chombo hicho hautumiki hata nusu.

Shina la mmea, kinyume chake, hunenepa kila siku. Chini kidogo ya gome hupita njia zinazosafirisha sukari kutoka kwenye majani kwenda mizizini, na uzi uliofungwa leo ukiwa umelegea unaweza, baada ya mwezi mmoja, kuwa umezama ndani ya gome na kuifunga njia hiyo. Mpira humpisha mkuaji. Hata hivyo, nisingependa mtu atoke hapa akidhani kwamba mpira hauna madhara, kwa sababu kuvutika kwake si kuacha kubana, na ukizungushwa mara nne au tano kwenye shina laini la mnyanya utalikata vilevile. Njia iliyo salama ni kuuvusha katikati ya shina na mti wa kuegemea ili ufanye umbo la tarakimu 8, huku ukiacha nafasi ya kupenyeza kidole upande wa shina. Msalaba huo wa katikati ndio unaozuia shina lisisuguane na mti upepo unapovuma.

Sasa nije kwenye kufa kwake. Mionzi ya urujuanimno ya jua, pamoja na hewa ya ozoni ambayo ipo kwa kiasi kidogo hewani, hukata viungo vya molekuli za mpira. Ozoni hushambulia zaidi mpira uliovutwa kuliko uliolegea, ndiyo maana mpira uliofungia kitu huota nyufa zinazokatiza upande unakovutwa, ilhali mwenzake aliyelala droweni, gizani, bado ni mzima. Kwa maneno mengine, mpira uliofungwa juani huanza kuhesabu siku zake tangu saa ile ulipovutwa.

Wanaobebesha miche, yaani wanaounganisha kipande cha mti mmoja na mche wa mwingine, wameitumia tabia hii kwa ustadi ambao mimi huustahi sana. Katika kubebesha kwa jicho, shina la mche huchanjwa gome kwa umbo la herufi T, kisha jicho, yaani chipukizi ambalo halijafunguka, lililokatwa kutoka kwenye mti mzazi pamoja na kipande cha gome lake huteremshwa ndani ya mchanjo. Kati ya gome na mti kuna utando mwembamba ulio hai, kambiamu, na jicho litashika tu iwapo kambiamu za pande mbili zitagusana na kukaa zimegusana kwa wiki 2 hadi 4, bila kukauka na bila kuchezacheza. Huo ndio wakati wa kubana. Baada ya hapo mbano uleule uliokuwa tiba hugeuka kitanzi, kwa maana shina linataka kunenepa na jicho linataka kuchipua. Utepe wa mpira, au raba bendi pana iliyokatwa ikawa ukanda, huanzia chini ya jicho, hupanda kwa mizunguko iliyokaribiana, huliacha jicho lenyewe wazi, na ncha yake hupenyezwa chini ya mzunguko wa mwisho pasipo fundo lolote. Jua hufanya kazi iliyobaki: utepe hupasuka na kudondoka takriban wakati ule ule ambao kidonda kimeunga. Ikiwa mche uko kivulini au mchanjo umefunikwa na udongo, msisubiri, kwani mpira huo hautakufa kwa wakati. Ukateni kwa wembe upande ulio mkabala na jicho.

Kazi nyingine ninayoipenda ni ya kutunza mbegu za maboga. Mmea wa maboga huzaa maua dume na maua jike mbalimbali kwenye mmea mmoja, na nyuki, wanaopita kutoka bustani hadi bustani, huchanganya chavua za aina tofauti, hivi kwamba mbegu za boga zuri la mwaka huu huweza kuzaa boga la namna nyingine kabisa. Jioni, tafuteni matumba ambayo ncha zake zimeanza kugeuka njano na ambayo yatafunguka alfajiri. Jike mtalijua kwa kiboga kidogo kilicho chini yake. Zivisheni ncha za dume na jike mpira mwembamba ili zisifunguke. Asubuhi chumeni dume, lichaneni petali zake, lifungueni jike taratibu, mpake chavua katikati yake, kisha mfunge tena petali za jike kwa mpira uleule na kuweka alama kwenye kikonyo. Uzi ungezichana petali hizo laini. Mpira huzishika kama vidole.

Matumizi mengine nitayapitia haraka. Majani ya koliflawa hukusanywa na kufungwa juu ya kichwa chake kingali kidogo, yakiwa makavu, ili jua lisikigeuze rangi ya njano. Mafungu ya majani ya viungo yanayoanikwa husinyaa yanapokauka, na uzi hulegea yakamwagika, lakini mpira husinyaa pamoja nayo. Mpira mmoja kwenye kijiti cha kutobolea mashimo huonyesha kina cha kupandia mbegu.

Neno juu ya mipira ya ndani ya baiskeli, ambayo watu huikata vipete. Ni imara na inafaa kufungia vijiti na zana, lakini mingi hutengenezwa kwa mpira wa butili, aina inayotengenezwa viwandani, ambao ozoni haiupati kirahisi. Kwa hiyo haifi kama mpira wa asili, na haifai kuachwa kwenye shina lolote.

Na kile kinachokufa hakipotei siku hiyo hiyo. Mwaka 2019 taasisi ya uhifadhi ya National Trust ya Uingereza ilieleza kwamba maelfu ya mipira ya kufungia yalikutwa kwenye kisiwa cha Mullion, karibu na pwani ya Cornwall, kisiwa ambacho watu hawaishi. Ndege wa baharini waliiokota kwenye mashamba ya maua, inaaminika kwa kudhani ni minyoo, wakaitapika kisiwani. Habari hiyo ilinihuzunisha, na tangu hapo siingii bustanini na mipira bila kuihesabu: kumi ikiingia, natafuta kumi, pamoja na ile iliyoanguka na petali za maboga zilizonyauka.

Mezani mbele yenu kuna matawi mabichi, wembe na tepe za mpira. Naomba kila mmoja achukue tawi moja, achanje gome kwa umbo la T, nami nitapita kuangalia mnavyofunga.