Nani Atamrithi Fundi? Mhadhara Kuhusu Nguvukazi ya Ujenzi Tanzania

Ndugu wakandarasi, wahandisi na wakadiriaji majenzi, walimu wa vyuo vya ufundi, na ninyi mafundi mlioacha kibarua cha leo ili mje hapa: nimeombwa nizungumzie namna sekta yetu ya ujenzi itakavyopata watu wenye ujuzi, na ujuzi huo ukadumu. Naomba nianze na mtu ambaye jina lake haliandikwi popote kwenye mkataba, yaani saidia fundi.

Tazameni zege linavyochanganywa kwa chepe katika kiwanja cha kawaida, iwe Mbagala au Nyakato. Fundi ametaja kipimo cha saruji, mchanga na kokoto, kisha amepanda juu kufunga mbao. Kijana anayechanganya anaona zege limekuwa zito, linamchosha yeye na linawachosha wanaopandisha ndoo, basi anaongeza maji na kazi inakuwa nyepesi. Hajaelezwa na mtu yeyote kwamba maji yanayozidi mahitaji ya saruji hubaki ndani ya zege, na yakikauka huacha vitundu visivyoonekana kwa macho, ambavyo kwa wingi wake huidhoofisha nguzo nzima. Nguzo hiyo inapaswa kumwagiliwa kwa siku zisizopungua 7, lakini kibarua amelipwa ya jana na leo hakuitwa, kwa hiyo inakauka juani. Siku 28 zikitimia, ambazo kwa kawaida ndizo tunazopimia nguvu ya zege, kijana yule yuko kiwanja kingine na anaongeza maji vilevile, kwa sababu kosa lake halikuwahi kumrudia akaliona.

Tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa 16 lilianguka katika Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, na watu 36 wakapoteza maisha. Tarehe 16 Novemba 2024 tukalia tena, Kariakoo. Majanga ya namna hii huwa na sababu nyingi, na siyataji ili kumtwisha fundi lawama. Nayataja kwa sababu baada ya kila anguko tunaulizana kuhusu michoro, vibali na usajili wa mkandarasi, na ni nadra kumsikia mtu akiuliza waliofunga nondo na kumwaga zege walifundishwa na nani.

Walio wengi walifundishana wenyewe, na hilo si jambo la kudharau. Mimi nilipotoka chuoni nilijua kukokotoa uzito unaobebwa na boriti, lakini mzee mmoja mwashi ndiye aliyenionyesha namna ya kugonga mbao pole pole zege linapomwagwa, ili lishuke lote na nguzo isitoke na matundu kama sega la nyuki. Uanagenzi wa kiwanjani una nguvu hiyo: mkono unajifunza kutoka kwa mkono. Udhaifu wake ni kwamba kosa nalo hurithishwa kwa uaminifu uleule, na anayeacha kazi huondoka bila ushahidi wowote wa anachokijua.

Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, VETA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi: fundi hupimwa kwa kazi yake, huongezewa pale alipopungukiwa, kisha hupewa cheti. Nauona kuwa miongoni mwa mambo bora tuliyonayo. Hata hivyo, anayeishi kwa malipo ya kutwa akienda kupimwa hukosa posho ya siku hiyo, na akirudi na cheti hukuta bei ya kazi ni ileile, hivyo mwenzake anayemtazama haoni sababu ya kwenda.

Hali si tofauti sana kwenye miradi mikubwa. Taifa limejenga Bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115, na Daraja la Kigongo–Busisi la kilometa 3 lililofunguliwa Juni 2025. Kazi za ukubwa huo ni shule ambayo hakuna chuo chetu kinachoweza kuilipia. Nimezungumza na mchomeleaji aliyefanya kazi miaka mitatu katika mradi mmoja mkubwa, ambao sitautaja. Alirudi kwao akiwa na ustadi ninaouheshimu, bila hata barua inayosema alichomelea nini, na sasa anatengeneza madirisha.

Kuna pia ujuzi unaotutoka kwa umri. Mji Mkongwe wa Zanzibar, uliotambuliwa kuwa urithi wa dunia mwaka 2000, ulijengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Ukuta wa chokaa hupumua. Ukiupiga plasta ya saruji, unyevu na chumvi hufungiwa ndani na jiwe huanza kumong'onyoka. Anayejua kuchoma chokaa, kuiloweka na kuisubiri hadi iwe tayari ni mtu mzima sasa, na vijana wanaomsaidia ni wachache mno.

Ndiyo maana pendekezo langu liko kwenye mchanganuo wa gharama za mradi. Kila zabuni ya umma iwe na fungu la mafunzo lenye bei yake, kama ilivyo kwa saruji na nondo, ili mkandarasi anayefundisha asishindwe kwa bei na yule asiyefundisha. Fungu hilo lilipie siku ya kupimwa ya fundi, posho ya mzee anayefundisha, na daftari la kila saidia fundi, ambamo msimamizi ataandika kazi aliyoifanya na kuitia sahihi. Na mhandisi mshauri asiidhinishe malipo ya mwisho ya mkandarasi kabla ya kuyaona madaftari hayo.