Koo Jembamba la Loburu

Hamjambo, wazee kwa vijana. Naona wengine mmekuja na mayai, basi nianzie hapo. Kesho tukifika kutazama gaiza, yaani chemchemi zinazorusha maji moto juu, huko Loburu, ufuoni mwa Ziwa Bogoria, mtayaning'iniza kwa kamba kwenye maji ya chemchemi, kama kila mgeni anavyofanya. Yatachukua muda kidogo zaidi kuiva kuliko kwa shangazi yenu Mombasa. Ziwa liko karibu mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na huko maji huchemka kwenye nyuzi 97 hivi. Hewa ya juu ni nyepesi, haiyakandamizi sana maji.

Shikeni hilo la kukandamizwa, maana ndilo siri yenyewe.

Chemchemi ya maji moto ya kawaida hububujika mchana kutwa. Gaiza hunyamaza, kisha huruka. Zote mbili zina maji, na zote zina mawe ya moto chini. Kinachozitofautisha ni koo. Njia ya gaiza ina mahali pembamba, kwa hiyo maji ya chini hayawezi kupanda na kupoa kwa raha. Yamebebeshwa uzito wa maji yote yaliyo juu yake, na hupita nyuzi 100 bila kuchemka. Kisha mapovu machache yanasukuma maji kidogo nje. Mzigo umepungua! Papo hapo maji ya chini yanageuka mvuke, na mvuke huhitaji nafasi zaidi ya mara elfu moja ya ile ya maji. Utakwenda wapi? Ni juu tu. Aliyewahi kufungua sufuria ya presha kabla ya wakati wake ananielewa. Bogoria ina kichocheo kingine: maji yake yamejaa gesi ya kaboni dioksidi, nayo husukuma kama soda iliyotikiswa.

Jina gaiza limetoka Iceland, kwenye chemchemi iitwayo Geysir. Kichekesho ni kwamba Geysir siku hizi huruka kwa nadra sana, na watalii humtazama jirani yake, Strokkur, anayeruka kila baada ya dakika chache.

Sasa, kuna wanaoniambia, "Mwalimu, nilienda Bogoria sikuona kitu." Mimi huwauliza: mwaka gani? Katika miaka hii ya karibuni maziwa ya Bonde la Ufa yamejaa mno, na baadhi ya gaiza za Bogoria zimefunikwa na ziwa. Ukiongeza maji juu ya koo umeongeza mzigo, na iliyokuwa ikiruka hubaki kutoa mapovu tu. Kwa hiyo msiende na picha ya zamani mkononi mkidai haki yenu.

Na kwa kuwa nimetaja haki: ziwa hili ni mahali patakatifu kwa Waendorois, jamii ya huku. Katika miaka ya 1970 waliondolewa kupisha hifadhi ya wanyama, na mwaka 2010 ilitangazwa hukumu ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu kwamba haki zao zilikiukwa. Tukifika kesho, tuingie kama mtu aingiavyo nyumbani kwa mwenzake.

Watoto washikwe mkono. Ardhi yenye ukoko mweupe huweza kuwa nyembamba kama ganda la hayo mayai yenu, na chini yake maji yanachemka. Msitupe mawe shimoni, hata kwa mzaha. Kule Yellowstone, Marekani, kuna bwawa liitwalo Morning Glory ambalo wageni walilitupia sarafu na takataka mpaka njia yake ikaziba na rangi yake ya samawati ikabadilika.

Simu mtazitoa, najua. Lakini leteni pia daftari na saa. Chagueni shimo moja, mkae upande upepo unakotoka, muandike limenyamaza dakika ngapi na limeruka dakika ngapi. Baada ya miruko mitatu au minne mtaanza kubishana lini litaruka tena, na hapo ndipo raha yake ilipo. Alfajiri kukiwa na baridi mvuke huonekana vizuri zaidi, kwa hiyo gari linaondoka saa kumi na moja. Si saa kumi na moja na nusu.