Injini na Saa: Haraka Inagharimu Kiasi Gani?

FUNDI: Karibuni tena, ndugu wasikilizaji. Tuko Kigoma, hapa Mwanga, dirisha liko wazi, kwa hiyo mtazisikia bajaji zikipanda mlima. Mwalimu, leo nina swali la mteja. Kaniletea injini ya boti pale Kibirizi. Akienda taratibu, dumu la petroli linampeleka na kumrudisha. Akiwahi soko, akakaza mafuta, dumu linaishia njiani. Nimeifungua yote, plagi safi, kabureta safi. Injini haina ugonjwa.

MWALIMU: Sehemu kubwa ya hasara hiyo ni maji kuigomea boti. Lakini swali lililo chini yake, haraka inagharimu kiasi gani, lina elimu yake kabisa: thamodinamiki ya muda wenye kikomo, yaani elimu ya joto na kazi pale saa inapokubana. Mimi naipenda sana.

FUNDI: Anza na mwenye shamba, Carnot.

MWALIMU: Sadi Carnot, Mfaransa. Kitabu chake kilitoka 1824, ana miaka 28, na wasomaji wake walikuwa wa kuhesabika. Alionyesha kwamba injini yoyote ya joto ina kikomo cha ufanisi, yaani sehemu ya joto inayogeuka kazi, na kikomo hicho kinategemea joto la upande wa moto na la upande wa baridi, basi. Ila kukifikia kuna sharti gumu. Bandika maharage jikoni. Joto linatoka kwenye makaa kuingia majini kwa sababu makaa yana moto kuliko maji. Tofauti ikiwa kubwa, linaingia kwa kasi. Tofauti ikipungua, linaingia kwa kudondoka. Injini ya Carnot inataka tofauti hiyo karibu isiwepo.

FUNDI: Basi maharage hayaivi.

MWALIMU: Hayaivi. Injini yake haipotezi chochote cha ziada, lakini mzunguko mmoja unachukua muda usio na mwisho. Nguvu yake, yaani kazi inayotoka kila sekunde, ni sifuri. Na ukienda upande wa pili, ukaliacha joto lipite ovyo bila kufanya kazi, nguvu nayo ni sifuri. Kilele kiko katikati.

FUNDI: Nani alikipima?

MWALIMU: Wanaotajwa sana ni Curzon na Ahlborn, Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, 1975. Waliacha pengo kati ya moto na gesi iliyo ndani ya injini, na pengo jingine upande wa baridi, kisha wakatafuta pale nguvu inapokuwa kubwa kuliko kote. Jibu lake ni dogo mpaka linapendeza. Gawanya joto la baridi kwa joto la moto, kwa kelvini, yaani Selsiasi ukijumlisha 273. Carnot analiondoa jibu hilo kwenye moja, kinachobaki ndicho ufanisi. Wao wanaondoa kipeuo chake cha pili.

FUNDI: Kipeuo tu? Nipe namba za mtambo wa kweli.

MWALIMU: West Thurrock, Uingereza, mtambo wa makaa ya mawe. Upande wa moto nyuzi 565 za Selsiasi, wa baridi 25. Carnot anaahidi asilimia 64. Kwa kipeuo unapata 40. Mtambo wenyewe ulitoa 36.

FUNDI: Kumbe! Mafundi wa pale hawakuwa wazembe.

MWALIMU: Hata kidogo. Walikuwa wanapimwa kwa rula ya mtu asiye na saa. Lakini fomula hii si ukuta. Kwa mtambo wa nyuklia wa CANDU, aina ya Kanada, inatoa 28, na mtambo ulifika 30. Ukikubali kupunguza nguvu kidogo, ufanisi unapanda. Na haki itendeke: Novikov katika Umoja wa Kisovieti na Chambadal nchini Ufaransa waliipata fomula hiyo 1957, wakihesabu mitambo ya nyuklia. Reitlinger alikuwa nayo 1929.

FUNDI: Elimu yenyewe ikasimama lini?

MWALIMU: Chuo Kikuu cha Chicago, Marekani, baada ya mafuta kupanda bei 1973. Stephen Berry akawa na Andresen, Salamon na Nitzan, na 1977 makala zao zikaanza kutoka. Wao waligeuza swali. Kazi lazima iishe ndani ya muda fulani: ni hasara gani huwezi kuikwepa hata uwe fundi hodari namna gani? Mwaka 1983 Salamon na Berry wakaonyesha kwamba, kwa kazi ya mwendo wa taratibu, ukiongeza muda mara mbili, hasara hiyo ya chini kabisa inashuka kuwa nusu.

FUNDI: Mimi nafikiria meli yetu, Liemba. Ilishushwa ziwani hapa 1915, ikala mvuke mpaka miaka ya sabini ilipowekewa dizeli. Watu wa boila wale walilijua hili kwa mikono.

MWALIMU: Naamini. Ukilisukuma boila kwa pupa, joto jingi linatoka na moshi kabla halijaingia majini. Ni lile pengo la maharage, Fundi, ila sasa umesimama mbele yake na koleo.

FUNDI: Na mteja wangu? Soko linaanza saa kumi na mbili alfajiri.

MWALIMU: Anaondoka saa ngapi?

FUNDI: Saa kumi.

MWALIMU: Mwambie ang'oe nanga saa nane.