Yule Aliyedaka Kabla ya Ile Picha

ZUHURA: Karibuni tena. Leo Baraka kaja na ugomvi.

BARAKA: Si ugomvi, dada, ni swali. Fainali ya Kombe la Dunia la wanawake 1999, watu wanakumbuka nini? Picha ya Brandi Chastain wa Marekani: kafunga penalti ya mwisho, kavua jezi, kapiga magoti. Haya, nani alimwekea meza?

ZUHURA: Golikipa, Briana Scurry.

BARAKA: Rose Bowl, Pasadena, Julai 10, watazamaji 90,185. Marekani na China dakika 120, hakuna goli. Yakaja matuta. Mkwaju wa tatu wa China anakwenda Liu Ying. Scurry hakuwa na mazoea ya kuwatazama wapigaji wakija, lakini huyu alimtazama, akajua. Akaupangua! Wengine wote wakafunga, 5-4.

ZUHURA: Umeruka kitu. Scurry alitoka kwenye mstari wa goli kabla mpira haujapigwa, na sheria ilikataza.

BARAKA: Refa alikuwepo, hakupiga filimbi.

ZUHURA: Leo VAR, wale marefa wa video, ingerudisha mkwaju ule, kaka yangu.

BARAKA: Leo, sawa. Enzi zile makipa wangapi walikuwa wanabaki mstarini?

ZUHURA: Wizi wa wengi nao ni wizi! Ila simnyimi haki yake. Dhahabu ya Olimpiki Atlanta 1996; mwaka 2000 akapokwa namba na kipa mwenzake Siri Mullinix; akairudisha, akachukua dhahabu nyingine Athens 2004. Mechi 173 za timu ya taifa. Kipa akishakaa benchi, kurudi ni kazi, maana langoni nafasi ni moja tu.

BARAKA: Halafu Kombe la Dunia 2007, nusu fainali na Brazil.

ZUHURA: Ah, ile! Kipa Hope Solo yuko kwenye fomu, kocha Greg Ryan anampumzisha, anamrudisha Scurry aliyekaa muda mrefu bila mechi za maana. Wakapigwa 4-0.

BARAKA: Goli la kwanza walijifunga wenyewe, Shannon Boxx akala nyekundu kabla ya mapumziko. Lawama zikaenda kwa kipa na kocha.

ZUHURA: Mimi kinachoniuma ni 2010. Akiwa na klabu ya Washington Freedom, anainama kudaka mpira wa chini, goti la mshambuliaji linamgonga kichwani. Akaendelea kucheza hadi mapumziko! Hakurudi uwanjani tena. Maumivu ya kichwa miaka mitatu, sonona, pesa zikaisha, akaweka rehani medali zake mbili za dhahabu kwa dola 18,000.

BARAKA: Dhahabu zote mbili?

ZUHURA: Zote. Alizikomboa baadaye, na upasuaji wa 2013 ukampa nafuu. Mwaka 2017 akachaguliwa kuingia Ukumbi wa Mashujaa wa soka la Marekani, golikipa wa kwanza mwanamke, na mwanamke mweusi wa kwanza.

BARAKA: Kwa hiyo zile hatua za kutoka mstarini umemsamehe?

ZUHURA: Mkwaju ungerudiwa, Baraka.

BARAKA: Angeudaka tena.